Maswali ya Wasomaji: Sororiti za Runinga na Zilizoko Vyuoni

*Salaam aleikum. Binti yangu amepata nafasi katika chuo kimoja cha jimbo la Alabama, anasafiri Agosti. Usiku kucha yuko kwenye simu akitazama wasichana wa sororiti wakishangilia mlangoni, na wengine wakilia kwa kukosa kuchaguliwa. Ni kweli huchaguliwa kwa nguo na sura? Na mimi mzazi niulize nini?*
Mama wa Kisauni

Wa aleikum salaam, mama, na hongera kwa binti. Sororiti ni chama cha wasichana wa chuo kikuu wanaoitana dada, chenye jina la herufi za Kigiriki, ada, kiapo na mara nyingi nyumba yake. Kongwe kabisa, inayoitwa sasa Alpha Delta Pi, ilianzishwa Macon, Georgia, mwaka 1851. Leo nyingi kati ya zile kubwa ziko chini ya baraza moja, National Panhellenic Conference, lililoundwa 1902, na binti akienda kwenye mojawapo atafuata kanuni za baraza hilo.

Zile shangwe za mlangoni ni za kweli, ila zimefanyiwa mazoezi siku kadhaa. Kazi yenyewe iko ndani, katika wiki ya kuchagua, wasichana wanaoomba wanapozunguka nyumba kwa nyumba kwa raundi; na "nyumba" hapa ni sororiti yenyewe. Mgeni hupokewa na mwanachama mmoja, wakazungumza dakika chache. Wa pili huja akamgusa mwenzake begani, akatambulishwa, akaendeleza mazungumzo pale yalipoachwa. Yule wa kwanza hujitoa polepole kwenda kuandika alama na maelezo kabla hajasahau. Katika ziara ya nusu saa mgeni aweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na zamu hizo zilipangwa mapema kwa kuangalia mgeni ametoka wapi na anasomea nini. Anayeharibu hapa ni yule anayejibu "ndiyo" na "hapana" tu, kwa sababu wa pili akija hapati uzi wa kushika. Mwambie binti awe na mambo mawili matatu ya kusimulia kwa kituo, na maswali yake mwenyewe ya kuuliza.

Kila raundi ikiisha, orodha mbili hukutana kwenye kompyuta: ya nyumba, yenye majina inayotaka warudi, na ya msichana, aliyezipanga nyumba kwa namna anavyozipenda. Nyumba hupungua raundi hadi raundi, na ya mwisho kwa kawaida hubaki mbili tu. Runinga huonyesha kama kwamba watu wameketi duara wakamhukumu mtu. Kura zipo, lakini hupigwa faraghani, na hesabu ina nguvu kuliko watazamaji wanavyodhani. Nyumba inayopendwa na wengi hulazimika kuwaachia wengi mapema, kwa sababu takwimu za miaka iliyopita zinaonyesha ni wangapi kati ya walioalikwa hurudi kweli, na idadi ya mialiko hupangwa kwa kutazama hilo. Kwenye Chuo Kikuu cha Alabama wasichana zaidi ya 2,000 huomba kila mwaka. Basi aliyeachwa siku ya kwanza na nyumba yenye sifa kubwa huenda hakufanya kosa lolote. Nafasi ndizo zilizokuwa chache. Hili halionyeshwi kwa sababu jedwali la namba halitoi machozi.

Nguo na sura zina uzito, hatutakuficha. Picha hutumwa wakati wa kujiandikisha, na kurasa za mitandao hupekuliwa kabla mgeni hajagonga mlango. Alama za masomo nazo hutazamwa mapema, na aliye chini ya kiwango hukatwa hata akiwa mcheshi vipi. Kuna na la rangi. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi la chuo hichohicho cha Alabama lilifichua kwamba wasichana weusi wenye sifa walikuwa wakikataliwa kwa shinikizo la wanachama wa zamani. Zogo likawa kubwa, na mwaka uleule milango ikaanza kufunguliwa. Sororiti zilizoasisiwa na wanawake weusi, kama Alpha Kappa Alpha ya 1908 pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambayo Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, ni mwanachama wake, zina njia nyingine kabisa. Hakuna wiki ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Msichana huwafuata mwenyewe, husoma historia yao, huhudhuria shughuli zao za hadhara, na huomba nafasi inapotangazwa, mara nyingi baada ya mwaka wa kwanza. Kujitangaza mtandaoni kwamba anazitaka kunaweza kumharibia.

Sasa lililo zito zaidi, nalo ni fomu ya mwisho. Akitoka tu kwenye ziara ya mwisho, msichana hutia saini karatasi ya kukubali. Akiandika nyumba mbili, amekubali yoyote kati ya hizo. Akialikwa na mojawapo akaikataa, hawezi kuingia nyingine ya baraza hilo chuoni hapo mpaka msimu mkuu wa mwaka unaofuata. Akiandika moja tu kwa kuitamani mno, na ikajaa kabla ya zamu yake kufika, atatoka mikono mitupu. Asitie saini akiwa analia au ana haraka. Na akikosa kabisa, bado nyumba zisizojaa huendelea kualika kimyakimya baadaye, bila shangwe na bila kamera.

Wewe, mama, uliza pesa kwa mafungu: ada ya kujiandikisha, ada ya mwanachama mpya, ada ya kila muhula, beji, faini za kukosa mikutano, na kama ni lazima kulala katika nyumba yao mwaka wa pili. Jumla ya mwaka mzima idai kwa maandishi, kwa sababu mwaka wa kwanza mara nyingi ndio ghali. Uliza pia kuhusu kiapo. Baadhi ya vyama hivi viliasisiwa kwa misingi ya Kikristo na taratibu za kuapishwa ni siri, kwa hivyo binti aulize kabla ya saini kama ndani yake mna sala asiyoiamini.

*Kwenye kipindi kimoja dada alisema hataki kumwona mwenzake tena, kisha papo hapo wakakumbatiana. Ni maigizo?*
Msomaji, Likoni

Si lazima yawe maigizo, ndugu, huenda ni mkasi wa mhariri. Tazama mdomo. Ukisikia sauti lakini uso hauonekani, au unaonyeshwa kisogo, au picha inarukia mtu mwingine katikati ya sentensi, maneno hayo yanaweza kuwa yameunganishwa kutoka siku mbili tofauti. Sikiliza pia kelele za nyuma: feni ikikatika ghafla kati ya neno na neno, hapo pameshonwa. Angalia hereni na nywele, na kiasi cha maji kwenye glasi. Na lile jicho kali la dharau laweza kuwa lilichukuliwa wakati mtu anangojea chakula.

Kumbuka pia ni nani waliokubali kupigwa picha. MTV ilipoanza kipindi chake cha Sorority Life mwaka 2002, vyama vya baraza kubwa havikushiriki, na kamera zikaenda kwa chama cha chuo kimoja tu huko Davis, California. Watazamaji wakachukua kundi moja dogo kuwa ndio mfano wa zote.

*Sisi ni klabu ya wasichana chuoni, tunataka kurekodi tunavyochagua wanachama wapya tuweke YouTube. Tufanyeje tusiumizane?*
Mwanafunzi, Tudor

Wazo si baya, dada. Mombasa inajua vyama vya wanawake tangu zama za lelemama, ngoma ya wanawake, na vyeo vyake, sare na mashindano ya kundi na kundi. Rekodini shughuli: usafi wa ufuo, mafunzo, mapishi, hata mahojiano ya kumkaribisha mtu. Upigaji kura msirekodi, wala majadiliano juu ya mtu asiyekuwepo. Kila anayeonekana aandike ridhaa kabla ya kamera kuwashwa, ikieleza video itawekwa wapi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 anaweza kuiondoa ridhaa hiyo baadaye, na aliye chini ya miaka 18 lazima mzazi au mlezi akubali. Kwa hiyo hifadhini faili kwa namna itakayowezesha kumkata mtu mmoja bila kubomoa video nzima.

Vigezo viandikwe na kubandikwa kabla ya maombi kufunguliwa, visizidi vinne au vitano, na kila mwombaji apewe alama na watu watatu, kila mmoja kwenye karatasi yake, kabla hawajazungumza. Wakianza kwa kuzungumza, mwenye sauti kubwa huwavuta wote. Aliyekosa aambiwe kwa faragha, kwa ujumbe wake peke yake, siku ileile waliopata wanapoambiwa. Msimwache akalijua kwa kuona picha za wenzake.