Kabla Hujafunga Begi, Piga Simu

Haya nayaandika Mei 2021, Korona ikiwa bado nasi na vyuo vya Kenya vikifunguliwa tena. Jana baada ya Alasiri nimepata ujumbe wa msichana mmoja wa Mambrui. Amejiunga na chuo kikuu kimoja cha Nairobi mwaka huu, lakini hadi leo hajalikanyaga darasa. Masomo yote ameyasomea kwenye simu, chini ya mwembe wa kwao, na sasa wameitwa waende wenyewe. "Dada," ameniandikia, "nibebe nini? Na je, wakitufunga tena nikiwa huko?"

Swali la kwanza nilicheka. Mdogo wangu, barakoa unazo, sanitaiza utanunua, na nazi mama yako atakutilia kwenye gunia hata ukikataa. Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, maana mimi yamenipata yote mawili. Mwaka jana nilifungiwa nje ya Nairobi, mwaka huu nikafungiwa ndani yake. Wacha nikusimulie, utaniwia radhi kwa urefu.

Mimi ni mtoto wa Malindi, Maweni. Baba alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na tambi zake Wataliano walikuwa wakimfuata jikoni kumpa mkono. Ndiyo maana Korona sisi tuliijua mapema. Italia nzima ilitangaziwa kufungwa 9 Machi 2020, na Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13. Kwa hizo siku chache katikati, mimi nikiwa Nairobi naambiwa ugonjwa uko ng'ambo, baba alikuwa ananieleza kwa simu jinsi wageni wanavyofunga masanduku kabla ya siku zao. Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule na vyuo vifungwe. Sisi wa vyuo vikuu tukapewa mpaka Ijumaa ya tarehe 20.

Nilitoka na mkoba wa mgongoni. Nguo tatu, chaja, na kitabu ambacho sikukifungua. Nilijua ni wiki mbili, tatu zikizidi. Chumbani nikaacha godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, ndoo mbili, pazia la maua ya zambarau alilonishonea mama, na mbuzi ya bibi. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, msije mkadhani nilikuwa nafuga. Bibi alipewa alipoolewa. Nilikuwa nimemlilia mwaka mzima anipe niende nayo, kwa sababu wali wa Nairobi bila tui ulikuwa unanitia huzuni.

Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimama, na hoteli ya baba ikasimama nazo. Likizo bila malipo. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa anauza viazi karai, na viazi karai huuzika Magharibi, watu wakitoka msikitini. Kafyu ya saa moja ni kumwambia muuza viazi karai afunge kabla hajafungua. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Juni.

Tukahamia mahamri. Nilikuwa nakanda usiku, nasukuma alfajiri, na saa mbili asubuhi niko darasani kwenye Zoom, kamera nimezima, vidole vina unga, mhadhiri anakatika katika kama redio mbovu. Hamri moja shilingi 10, mbaazi za nazi kando. Pesa ya HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilipoingia niliigeuza unga na mafuta. Sijuti. Tulikula, na mdogo wangu wa kiume hakuacha madrasa. Najivunia ile miezi kuliko cheti chochote nitakachopewa.

Ila kuna jambo moja sijivunii, na ndilo lililonifanya niandike.

Chumba chetu Nairobi kilikuwa bedsita ya shilingi 6,500, tukichangia wawili, mimi na msichana tuliyejuana mwaka wa kwanza. Mama mwenye nyumba alinipigia Aprili. Niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Ningemwambia nini, sina? Mei akapiga tena. Juni nikaifungia namba yake. Mwenzangu wa chumba naye aliniandikia mara mbili, nikamjibu "tutaongea" nikaacha hapo. Nilijiambia nikipata pesa ndipo nitakapoongea, kwa heshima. Pesa haikupatikana, na heshima nayo ikawa inaisha kidogo kidogo kila simu ilipolia nikaigeuza kifudifudi.

Julai Nairobi ilipofunguliwa ningeweza kwenda hata siku moja nikatoa vitu vyangu. Sikwenda. Nilikuwa naogopa geti.

Januari 2021 tukaitwa. Nilipanda basi la asubuhi, viti vingine vitupu kwa ajili ya kukaa mbalimbali, na sisi tuliokaa tukilipia na vile vitupu. Nilifika Nairobi giza linaingia, nikashuka na gunia langu la nazi, nikaenda moja kwa moja kwenye lile geti kana kwamba nilitoka jana. Keyateka, yule mtunza jengo, alikuwa amekaa nje akimenya viazi. Akanitazama juu ya barakoa. "Wewe? Si ulikufa?"

Hakuwa anatania. Ndivyo walivyokuwa wanasema.

Halafu nikaona alichokalia. Mbuzi ya bibi. Jamaa ameifanya kigoda miezi yote ile, ule ulimi wake wa chuma ameufunga kitambaa usimchome. Sijui kwa nini hicho ndicho kilichoniliza, maana chumba chenyewe kilikuwa na mtu mwingine tangu Agosti, godoro halikuwepo, gesi haikuwepo, ndoo hazikuwepo. Mwenzangu alikuwa amehama navyo. Keyateka alinidai shilingi 200 "za kuhifadhi" ndipo aniachie mbuzi. Nikalipa. Nililala kwa binamu yangu Eastleigh, tuko sita chumba kimoja, ndiyo kukaa mbalimbali huko.

Asubuhi yake nikajikaza nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Nilikuwa nimepiga hesabu: Aprili hadi Desemba miezi 9, sawa na 58,500, nusu yangu 29,250. Nimejiandaa kutukanwa. Yule mama akanikaribisha chai. Akaniambia, kwenye jengo lake wanafunzi wanne walimpigia mwezi ule ule wa Aprili wakamwambia hawana. Akawapunguzia nusu, na wawili ambao hata nusu hawakuwa nayo akawafungia vitu stoo bila kudai kitu. "Wewe nilikupigia mpaka nikadhani umepatwa na ugonjwa," akasema. "Ningejua uko hai ningekuwekea."

Chai ile niliinywa kama dawa.

Wiki hiyo hiyo nikaenda ofisi ya karo. Nina deni la muhula mzima na nimeshasikia kwamba asiyelipa hafanyi mtihani. Karani akanipa fomu ya kulipa kwa awamu, nikajaza, akapiga muhuri. Dakika 20. Miezi 9 nilikuwa nakosa usingizi kwa jambo la dakika 20 na fomu ya ukurasa mmoja. Sisemi kila karani ni mwema. Wapo watakaokuzungusha mpaka uijue kila ngazi ya jengo. Nasema hukatazwi kuuliza, na simu ya kuuliza ni bei ya hamri moja.

Basi nikapanga chumba kingine kwa yule yule mama, kidogo zaidi, peke yangu. Februari ikapita na madarasa na vipimo vya joto getini, hakuna cha kusimulia. Kisha Ijumaa ya tarehe 26 Machi Rais akahutubia tena. Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zimefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kafyu saa mbili usiku. Masomo ya ana kwa ana yasimame, vyuo vikuu vikiwemo, isipokuwa walio kwenye mitihani. Sasa hapo ndugu msomaji piga picha: darasa limefungwa, na barabara ya kwenda kwetu nayo imefungwa. Wenzangu wakakimbilia vituo vya mabasi usiku ule ule. Wengine waliwahi, wengine walirudi na mabegi saa saba za usiku.

Mimi sikukimbia. Nilichukua simu. Wa kwanza mama mwenye nyumba: "Mama, nimekwama, na pesa niliyonayo ni nusu." Akajibu, "Lete hiyo nusu, mwanangu, tulia." Wa pili nyumbani. Mama akalia kidogo, baba akachukua simu akaniuliza nina unga kilo ngapi, kama kwamba ninaondoka na jahazi. Wa tatu jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye tangu Januari tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Nikamwomba namba yake kupitia mlangoni, nikampa yangu. Wiki mbili baadaye akaanza kukohoa na kupoteza harufu. Alijifungia siku 14, na mimi nikawa namwekea uji mlangoni, nagonga, naondoka. Hata angenigomea ningeweka. Nilijua upweke wa mtu anayeogopa kupiga simu.

Nilikuwa ndani ya mpaka ule hadi 1 Mei, ulipofunguliwa ndipo nikaweza kurudi nyumbani. Ramadhani ilitukuta humo. Misikiti ya kaunti zile tano haikuruhusiwa kukusanya watu, kwa hiyo tarawehe nilisali chumbani, kati ya kitanda na meko. Futari ya kwanza nilikuna nazi kwa mbuzi ya bibi, nikapika muhogo wa nazi, nikala nusu, nusu nikampelekea keyateka. Ndiyo, yule yule. Akaniuliza kama nina ile kigoda yake bado.

Sasa nyinyi mnaorudi wiki hii na ijayo, nisikilizeni. Najua mna mipango mikubwa kama yangu. Mnataka alama nzuri, kazi, kumjengea mama. Lakini wengi wenu mna namba moja kwenye simu mnayoikwepa. Ya mwenye nyumba, ya mjomba aliyewakopesha nauli, ya mwenzako wa kikundi uliyemwachia kazi yote ya semista. Ipigeni kabla hamjafunga begi. Msisubiri pesa. Mtu anayedai hasumbuliwi na deni kama anavyosumbuliwa na kimya. Deni analiandika kwenye daftari, kimya anaandika wapi? Na ukifika huko, hakikisha mtu mmoja kwenye jengo ana namba yako, na wewe unayo yake. Ukianza kukohoa, mpigie. Usipande basi kuja kwa wazee na kikohozi kwa sababu umekumbuka nyumbani. Hadi Mei hii ya 2021, vijana bado hatujafika kwenye foleni ya chanjo. Ilianza Machi na wahudumu wa afya, walimu na polisi, halafu wenye miaka 58 na kuendelea. Bibi yangu keshachomwa. Alilalamika mkono siku mbili, kisha akadai sasa anaona vizuri zaidi, jambo ambalo sidhani limo kwenye ile karatasi ya maelezo ya chanjo.

Na wewe wa Mambrui, umeuliza ubebe nini. Beba nakala mbili za risiti ya karo, moja uipige picha. Beba ng'onda na achari, kwa sababu wiki ya kwanza hutakuwa na hamu ya kupika. Usibebe godoro kutoka huku, utalipia kama abiria. Ukiondoka chumbani hata kwa wiki moja, andika vitu vyako kwenye karatasi, umpe mwenye nyumba, mtie saini wote wawili. Ndiyo, hata ukiishi na rafiki yako wa chanda na pete. Hapo hasa ndipo uandike.

Mimi naondoka Jumatatu. Baba hoteli imemwita siku tatu kwa wiki, kwa Wakenya wanaokuja wikendi, na mama amerudia viazi karai kwa kuwa kafyu sasa ni saa nne usiku. Gunia langu la nazi liko mlangoni na mbuzi imefungwa juu yake kwa kamba.

Jana usiku nilikuwa nawasomea haya niliyoandika, bibi amelala kwenye mkeka amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kumbe anasikiliza. Nilipofika pale pa simu akafumbua jicho moja.

"Na yule mwenzio, umempigia?"

Namba yake ninayo. Picha zake naziona WhatsApp karibu kila siku. Ijumaa iliyopita aliweka moja akiwa amevaa gauni la Idd la kuazima, si Mwislamu hata, anacheka, na nyuma yake dirishani limetundikwa pazia la maua ya zambarau.

"Bado, bibi," nikamwambia.

Akalifumba lile jicho.