Soma Dau Kabla ya Kusoma Uso

Wengi wanaojifunza poka huanza kwa kuchunguza nyuso: nani amemeza mate, nani mkono unamtetemeka. Mimi huanza na dau. Uso mtu anaweza kuuzoesha ukatulia, lakini kiasi anachoweka, kasi anayokiweka nayo na karata anayongoja ifunuliwe ndipo aweke, hayo hata mchezaji mzoefu huyarudia bila kujijua.

Sisi huchezea barazani Kibokoni baada ya sala ya isha, tukifuata kanuni za Texas Hold'em: kila mmoja hupewa karata 2 za siri, kisha 5 hufunuliwa kwa wote, 3 kwa pamoja na mbili za mwisho mojamoja. Pesa hatuweki. Tunatumia vifuniko vya soda, na anayeishiwa kwanza huwamiminia wenzake kahawa tungu mpaka baraza livunjike, na msidhani hilo ni dogo, kwa kuwa mtu mzima hapendi kushika dele mbele ya vijana.

Yuko mzee mmoja ambaye, akiwa na karata nzuri, huvipanga vifuniko vyake kimoja juu ya kimoja kabla ya kuvisogeza taratibu. Akiwa anatishia tu bila karata nzuri, huvisukuma vyote kwa kiganja. Jambo hilo hulioni ukiwa umezama katika karata zako mwenyewe. Wakati wa kujifunza ni pale ulipokwisha kuzitupa, yaani kujitoa katika mkono huo, kwani hapo ndipo unapoweza kulinganisha alivyoweka dau na kile kinachofunuliwa mwishoni. Wenzangu wengi wakishatupa hugeukia simu, nami sijawahi kuwakataza.

Ukishamjua mtu, karata zilezile huchezwa kwa njia tofauti. Tuseme nina ree na saba za kopa, mezani zimefunuliwa karata 4, mbili kati yake ni kopa, na bado sina hata jozi. Kati ya karata 46 nisizoziona, 9 ni kopa, yaani uwezekano wa kutimiza kopa 5, ambazo hushinda jozi yoyote, haufiki asilimia 20. Katikati pana vifuniko 10, mpinzani anaongeza 5. Nami nikimfuata nitalipa 5 katika fungu litakalokuwa na 20, ambayo ni robo. Kwa hesabu hiyo peke yake ningetupa. Lakini akiwa ni yule asiyeweza kuachia jozi yake hata aone hatari, namfuata, maana kopa ikija nitamtoa vifuniko 6 au zaidi, na hapo gharama inarudi. Akiwa mwoga, simfuati bali nampandishia dau, nikitarajia atupe sasa hivi. Akiwa makini, wa kujitoa mara tu kopa ya tatu inapofunuliwa, nazitupa mapema.

Sasa kumbuka kwamba nao wanakusoma. Jozi ya ree hugawiwa mara 1 katika 221 kwa wastani. Anayengoja karata za namna hiyo ndipo apandishe dau, siku akipandisha meza nzima hujitoa, naye huambulia vifuniko viwili. Kutishia bila karata, basi, si utundu tu. John von Neumann na Oskar Morgenstern walilionyesha hilo kihesabu mwaka 1944: mchezaji bora hana budi kudanganya mara kwa mara, la sivyo dau lake huwa tangazo. Na bei yake inajulikana: ukitishia kwa nusu ya fungu, inatosha wapinzani wakuachie mara 1 katika 3, ukitishia kwa fungu zima, ni lazima iwe nusu ya mara zote.

Tatizo ni kwamba binadamu hawezi kubahatisha kwa kutaka. Hudanganya akiwa na hasira au akiwa amepoteza, na hilo nalo husomeka. Mimi hutumia mshale wa sekunde wa saa yangu. Nikiwa sina kitu, nautazama. Ukiwa katika robo ya kwanza natishia, ukiwa kwingine natupa.

Hata hivyo, mbinu hizi ni kwa wanaokuangalia tu. Tunaye kijana anayefuata kila dau ili mradi aone karata ya mwisho, na huyo ukimtishia unampa vifuniko bure. Kwake mimi hucheza kwa mtindo mmoja usiku kucha: nikiwa na jozi kubwa naweka dau kubwa, nikiwa sina najitoa, naye hulipa vilevile.