Swali la lugha: Consolata ni mfariji au aliyefarijiwa?

SWALI: Tumejaliwa mtoto wa kike hapa Njombe, tukambatiza Consolata. Katekista anasema maana yake ni "Mfariji". Shangazi wa mtoto, ambaye ni mtawa, anasema ni "Aliyefarijiwa". Nani yuko sahihi? Jina lenyewe limetufikiaje? Na kwenye cheti cha kuzaliwa tuandike kwa C au kwa K?

JIBU: Kwa sarufi, shangazi ndiye aliyelenga. Consolata ni neno la Kiitaliano lililotokana na kitenzi consolare, kufariji. Kiitaliano kikitaka kuonyesha kwamba mtu katendewa jambo, kitenzi cha aina hii huacha -re na kuchukua -to kwa mwanamume au -ta kwa mwanamke. Kazi hiyo sisi tunaifanya kwa kiambishi -w-: fariji, farijiwa. Mwanamke anayefariji, kwa Kiitaliano, ni consolatrice. Na litania ya Kilatini humwita Bikira Maria Consolatrix afflictorum, mfariji wa wenye huzuni.

Katekista naye ana pa kusimama. Katika Kilatini, consolari ni miongoni mwa vitenzi vyenye sura ya kutendwa lakini maana ya kutenda. Kwa kanuni hiyo, consolata ya Kilatini husomeka "aliyefariji". Ila jina hili halikutoka kwenye vitabu vya Kilatini. Limetoka vinywani mwa watu wa Torino, kaskazini mwa Italia, ambao kwa lugha yao ya Kipiemonte humwita Bikira Maria la Consolà. Mahubiri huziunganisha maana zote mbili: Maria amefarijiwa na Mungu, ndiyo maana anaweza kuwafariji wengine. Imani hiyo ni nzuri, lakini ukiulizwa maana ya neno lenyewe, jibu "aliyefarijiwa".

Huko Torino liko kanisa la hija la Consolata, na sikukuu yake ni tarehe 20 Juni. Mapokeo yanasimulia kwamba siku kama hiyo mwaka 1104 kipofu kutoka Briançon, mji wa Ufaransa, alipata kuona pale picha ya Bikira Maria ilipofukuliwa kwenye magofu. Mwaka 1880 Padre Giuseppe Allamano alikabidhiwa kanisa hilo, na mwaka 1901 akaanzisha shirika la wamisionari akalipa jina la Mama huyo. Hapo ndipo jina la mtaa mmoja wa Italia lilipofunga safari. Wamisionari wanne wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, nchini Kenya, mwaka 1902, wakapokewa na Chifu Karuri. Kutoka huko jina likaenea Nyeri na Meru. Mwaka 1919 wakaingia Iringa, katika misioni zilizobaki bila Wabenediktini wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watawa wa kike wa Consolata, walioanzishwa mwaka 1910, nao wakaja na shule na zahanati, na jina likazoeleka wodini na darasani. Mapacha walioungana ambao Tanzania nzima iliwafahamu, Maria na Consolata Mwakikuti, walizaliwa Ikonda, Makete, mwaka 1996, katika hospitali yenye jina hilo hilo. Unganisha majina yao mawili: ni Maria Consolata, Mama wa Torino.

Ndani ya Italia, mbali na Piemonte, mkoa wa Torino, jina hili utalikuta Reggio Calabria, kusini kabisa, ambako Mama wa Faraja ndiye msimamizi wa mji. Huko hata wanaume huitwa Consolato. Neno hilo lina pacha wa sauti tu, consolato la ubalozi mdogo, lililotokana na konsuli. Hawana undugu na kufariji.

Sasa tahajia. Kiswahili sanifu hakina c inayosimama peke yake, kwa hiyo Konsolata ni umbo halali, na matamshi hayabadiliki: mkazo uko kwenye la, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili vilevile. Ila cheti hakipimwi kwa sarufi, kinapimwa kwa kufanana na hati nyingine. Kama cheti cha ubatizo kina C, jazeni C kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa, na shuleni siku ya kuandikishwa. Someni herufi moja moja kabla ya kuondoka dirishani. Tatizo huibuka baadaye: cheti cha kuzaliwa kina C, cha mtihani kina K, na kwenye maombi ya kitambulisho au pasipoti binti anatakiwa kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Jihadharini pia na Consolatha. Hiyo h imeazimwa kwa Agatha na Martha, majina ambayo th yake ina asili ya Kigiriki. Consolata haina sababu ya kuwa nayo. Na karani anayetoka kwenye lugha isiyotenganisha l na r anaweza kuandika Consorata; mwandikieni jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, badala ya kumtajia.

Upatanisho wa kisarufi hufuata anayetajwa: mtoto, "Consolata amelala", hospitali, "Consolata imejaa".