Vitundu kwenye rangi ya unga

Ikiwa rangi ya unga (unga mkavu unaopuliziwa kwenye chuma kisha kuokwa hadi uyeyuke) imetoka na vitundu kwenye kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini, unga hauna kosa. Kava hiyo ni aluminiamu ya kumimina, ina vinyweleo vilivyonyonya oili miaka yote. Ikipata moto gesi inatoka na kutoboa rangi ikiwa bado laini. Toa sili na mipira, isafishe kava kwa kuipuliza mchanga, ioshe kwa asetoni (ikauke kabisa!), kisha ioke tupu, bila unga, nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa nzima. Ikitoka na madoa ya kahawia, osha na urudie. Ikipoa ndipo unyunyize unga. Unga mwingi huiva nyuzi 200 kwa dakika 10, ila hesabu tangu kava yenyewe ifikie joto hilo, siyo oveni. Na oveni hiyo isipikiwe chakula tena.