Kabla hujasema "ni ugonjwa tu"

Ukiwa unamuuguza nyumbani mwenzi wako mwenye dimensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kuna maneno utayasikia kila upande: "Ndio ugonjwa wenyewe huo, utafanyaje?" Atayasema jirani, watayasema ndugu, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya aliyechoshwa na foleni. Yanasemwa kwa huruma. Lakini mimi, ninayemuuguza mke wangu kwa miaka kadhaa sasa, nimeyapiga marufuku nyumbani kwetu kwa sababu yanatukatisha tamaa mapema mno. Ugonjwa upo, na dawa ya kuuponya haipo. Ila mengi yanayomtesa mgonjwa siku hadi siku, kama kukataa kula, kupiga kelele usiku, kumpiga anayemvisha au kukimbia bafu, huwa na sababu yake nyingine, na sababu hiyo ikitafutwa mara nyingi hupatikana.

Nianze na jino.

Mke wangu alipoanza kutema chakula, watu walishaanza kunong'ona kwamba ubongo umesahau kutafuna na kumeza. Hilo hutokea kweli, lakini kwa kawaida huja taratibu, ugonjwa ukiwa umefika mbali, na yeye wiki iliyotangulia alikuwa anamaliza sahani yake. Nikakaa naye mezani, nikawa namwangalia uso badala ya sahani. Kitu laini chenye uvuguvugu alikimeza bila shida. Kitu cha baridi kikifika upande wa kushoto wa mdomo, jicho la upande huo lilifinyika na mkono ukapanda shavuni. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nikaligusa shavu taratibu, akausukuma mkono wangu kwa nguvu ambazo sikuwa nimeziona kwake kwa muda mrefu. Daktari wa meno akakuta jino limeoza hadi mzizi, na usaha umejikusanya chini yake. Liling'olewa, kidonda kikapona, akarudi kula.

Kumbuka kwamba alisema hapana. Mtu mwenye dimensia anaweza kuwa na maumivu makali na asiweze kuyapa jina, au akaulizwa na akawa amesahau kwamba dakika iliyopita alikuwa anaugulia. Kwa hiyo usitegemee jibu la mdomo. Tazama paji la uso likikunjamana, tazama anavyopumua, anavyokunja vidole, upande anaoulinda akiinuliwa kitandani, kiungo anachokikamata ukimvalisha nguo. Mgonjwa anayekupiga kila unapomwingiza mkono kwenye shati pengine ana bega linalouma, na ngumi ndiyo njia pekee iliyobaki ya kukuambia. Mtu mliyeishi naye miaka mingi unaujua uso wake kuliko daktari yeyote atakayemwona kwa dakika chache. Utumie ujuzi huo.

Kutafuta sababu kunaanzia kwenye jina la ugonjwa wenyewe, kwa maana dimensia si ugonjwa mmoja. Ule uitwao Alzheimer, ulioelezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ndio unaoongoza, ukichukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Ipo inayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ipo ya Lewy ambayo mgonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo, na ipo inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo na kubadilisha tabia kabla ya kugusa kumbukumbu. Vilevile yapo mambo yanayofanana na dimensia au kuizidisha, na hayo yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Kama mwenzi wako aliambiwa "ni uzee" bila kupimwa hata damu, mrudishe hospitali ukaombe vipimo hivyo kwa kuvitaja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia. Uzee peke yake haumfanyi mtu asahau njia ya chooni kwake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayeuguza alijue hata kama atasahau mengine yote niliyoandika. Alzheimer hutembea kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa hivi jana na leo amekuwa mwingine, amelala fofofo mchana kutwa, au hatulii, anavuta vuta shuka na kuongea na ukuta, huyo hajazidiwa na dimensia. Amepatwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo kiko mwilini. Inaweza kuwa maambukizi ya mapafu au njia ya mkojo, kukosa maji ya kutosha mwilini, choo kigumu kilichokaa siku nyingi, mkojo uliozuilika, sukari iliyoshuka, dawa mpya, au kiharusi. Kwa mtu mwenye umri mkubwa maambukizi yanaweza kuja bila homa, kwa hiyo kipimajoto kisikutulize. Huyo ni wa kupelekwa hospitali leo, si wiki ijayo, na ukifika useme wazi: "Juzi alikuwa anatembea na kuniitikia. Hali hii imeanza jana usiku." Usipoisema tarehe, watasoma neno dimensia kwenye faili na kuishia hapo. Mimi nina daftari dogo ninaloandika kila siku amekula nini, amelala vipi, amepata choo lini na kimebadilika nini, na daftari hilo limenisaidia kwa daktari kuliko maelezo yangu yote ya mdomo.

Dawa nazo zichunguzwe. Watu wengi hawajui kwamba dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama chlorpheniramine na diphenhydramine, huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa kumbukumbu na ambayo kwa mgonjwa wa Alzheimer imeshapungua. Dawa kama donepezil na rivastigmine hutolewa ili kuilinda hiyohiyo kidogo iliyobaki. Ukimpa mgonjwa vyote viwili kwa pamoja, kimoja kinajenga na kingine kinabomoa. Donepezil yenyewe inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, kukosa hamu ya kula na ndoto za kutisha. Mke wangu alikuwa anaamka usiku akilia, tukamuuliza daktari, akaihamishia dozi ya usiku kwenda asubuhi, na vilio vikapungua. Hatukuongeza kidonge hata kimoja.

Na kuhusu dawa za kumtuliza mgonjwa, hapa nasema kwa msisitizo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kizazi kipya za magonjwa ya akili zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kuzigusa na za zamani, ikiwemo haloperidol. Kwa mwenye dimensia ya Lewy, haloperidol inaweza kumkaza mwili na kumdhuru vibaya sana. Zipo hali ambazo daktari ataona hakuna budi kuzitumia, na dawa iliyokwisha kuanzishwa usiikatishe mwenyewe. Lakini ukiandikiwa, uliza: tunatibu nini hasa, kwa muda gani, na ni lini tutaipunguza? Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri hatachukia.

Nyumba nayo huficha sababu nyingi. Ubongo wenye dimensia husoma vibaya kina, kivuli na rangi. Zulia jeusi mbele ya mlango linaonekana kama shimo, na mtu anayekataa katakata kupita hapo anaogopa kutumbukia. Tuliliondoa, akapita. Kioo kilichopo bafuni kilimletea mwanamke asiyemjua, aliyekuwa anamkodolea macho kila anapotaka kuvua nguo. Sasa kimefunikwa. Choo cheupe chenye kiti cheupe kwenye sakafu nyeupe hakionekani vizuri, ndiyo maana wengine hujisaidia pembeni. Kiti cha rangi iliyokolea husaidia, na mlango wa choo ukiachwa wazi taa ikiwaka usiku husaidia zaidi. Jioni ndiyo ngumu kuliko saa zote: mwanga unapofifia vivuli vinaongezeka, uchovu wa siku umeshajaa, na hofu inapanda. Sisi tunawasha taa kabla giza halijaanza kuingia na kufunga mapazia, na redio inazimwa. Asubuhi namtoa nje apate jua, maana mwanga wa mchana ndio unaomsaidia mwili kujua usiku ni wakati wa kulala.

Kuoga ndiko kunakovunja ndoa nyingi za namna hii, nami nimelifikiria sana. Jiweke mahali pake: mtu ambaye huna hakika ni nani anakuvua nguo, chumba kina baridi, maji yanakupiga kichwani bila taarifa. Nani asingepigana? Kwa hiyo chumba kinapashwa joto kwanza, na vitu vyote vinakuwa tayari ili nisimwache hata dakika. Anakaa kwenye kiti, taulo kubwa likiwa mabegani na jingine mapajani, na ninaosha chini ya taulo, sehemu moja baada ya nyingine, nikianzia miguuni. Naanza na miguu kwa sababu iko mbali na uso na haimtishi. Kila ninachotaka kufanya nakisema kabla ya kukifanya, kwa maneno machache. Kitambaa kimoja anakishika yeye mwenyewe, ajifute uso. Siku akikataa kabisa, tunamfuta tu kitandani sehemu zinazohitaji. Hakuna aliyewahi kuumwa kwa kukosa kumwagiwa maji siku moja.

Maneno yake pia yana kitu nyuma yake. Anaposema "nataka kwenda nyumbani" akiwa ameketi sebuleni kwake, kumthibitishia kwamba yuko nyumbani hakumtulizi. Mimi huwa nakagua kwanza: amebanwa mkojo? Ana njaa, ana baridi, kuna wageni wengi wanaoongea kwa wakati mmoja? Baada ya hapo namwambia, "Niambie kuhusu nyumbani," naye husimulia nyumba aliyokulia, na akishasimulia anatulia. Akisema ameibiwa mkoba, tunautafuta pamoja, na yeye ndiye anayefungua droo ili auone kwa macho yake. Ubishi hausaidii, kwa kuwa ukishinda atasahau hoja zako zote na kubaki na uchungu wa kugombezwa. Hisia hukaa muda mrefu kuliko habari yenyewe.

Kuna usiku ambao yeye hanijui. Anaamka na kumkuta mwanamume kitandani, na anaogopa kama ambavyo mwanamke yeyote angeogopa. Hili lina uchungu wa peke yake kwa sisi wenzi, mtoto anayemuuguza mzazi hawezi kulijua sawasawa. Siku hizo sisemi "mimi ni mume wako", kwa kuwa kwa wakati ule maneno hayo ni tisho jipya. Natoka chumbani, nawasha taa ya ukumbini, naongea nikiwa nje ya mlango kwa sauti ya kawaida, namwita kwa jina nililokuwa namwita tulipokuwa vijana. Kwake sauti imebaki mahali ambapo sura imeshapotea. Mara nyingi huniitikia, nami naingia. Asiponiitikia, nalala kwenye kitanda kingine kilicho karibu na mlango hadi asubuhi. Nimekubali mpango huo, na sioni kwamba umepunguza chochote katika ndoa yetu.

Mambo ya karatasi nayataja kwa kifupi tu: nani atasaini benki, nani ataamua kuhusu matibabu, yeye mwenyewe anataka nini mwisho wake ukikaribia. Yamalizeni akiwa bado anaelewa anachosaini, mbele ya mwanasheria. Baada ya hapo ni vigumu mno.

Na zipo siku utatafuta sababu usiione. Umekagua mdomo, mkojo, choo, dawa, mwanga, viatu vinavyobana, betri ya kifaa cha kusikia, na bado analia. Siku hizo kaa karibu naye, mshike mkono kama anakubali kushikwa, punguza sauti, subiri. Saa moja baadaye mambo huenda yakawa tofauti.

Sababu moja husahaulika kwa kuwa iko ndani ya anayeuguza. Asiyeelewa maneno bado anasoma uso na mikono. Ukiingia chumbani hujalala usiku tatu, mshiko wako unakuwa mkavu na hatua zako za haraka, naye anaanza kukupinga kabla hujamgusa. Ndiyo maana usingizi wangu nimeuandika kwenye daftari lilelile pamoja na dozi zake. Ndugu akiniuliza anisaidie nini, simjibu "Mungu atusaidie tu". Namwambia: njoo Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, ukae naye, asipewe kitu cha kunywa akiwa amelala chali, taa ya ukumbini iwashwe saa kumi na moja, nami nitakuwa nimelala chumba cha pili. Wengi wanaoonekana wametutupa walikuwa hawajui waanzie wapi, na wakipewa saa na kazi yenye mipaka wanakuja. Asiyekuja, muulize mwingine wiki hiyohiyo.