Mwanangu, Victor Hakuponzwa na Sayansi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo. Umeniuliza iwapo riwaya ya Frankenstein, ambayo Mary Shelley aliichapisha London mwaka 1818 bila kutaja jina lake, inawaonya watu wa maabara kama wewe waache kuchokonoa siri za uhai. Mimi sidhani kwamba sayansi ndiyo iliyomponza Victor Frankenstein, yule mwanafunzi wa riwaya hiyo aliyeunda kiumbe kwa viungo vya maiti na kumtia uhai.

Jambo lenyewe halikuwa ndoto tupu enzi zile: mwaka 1803, mjini London, mwanasayansi Mwitalia Giovanni Aldini alipitisha umeme katika maiti ya mtu aliyenyongwa, taya zikatetemeka na jicho moja likafumbuka. Victor naye alipokuwa akisoma chuoni Ingolstadt, Ujerumani, hakukosa walimu, na Profesa Waldman alimpokea kwa upole. Hata hivyo alijifungia peke yake na kazi yake, akaacha kuandika nyumbani, ilhali baba yake alikwisha kumwambia kuwa barua zikikatika atajua kwamba na wajibu mwingine umepuuzwa. (Maneno hayo ya mzee yalinifurahisha, na sababu unaijua.)

Kwa hiyo upweke ulitangulia, na hatia ilipokuja ikauzidisha. Kiumbe alipofumbua macho, muumba wake alimkimbia. Kiumbe huyo alipomuua William, mdogo wake Victor, na mashtaka yakamwangukia Justine, mtumishi wa nyumba yao, Victor alimjua muuaji lakini akanyamaza, akichelea kuonekana mwendawazimu. Majuto yake yalikuwa makali, hata akajiona kuwa anateseka kuliko msichana yule aliyekuwa kizimbani. Hapo ndipo ninaposhindwa kumhurumia, kwa maana Justine alinyongwa, naye akaenda kutafuta faraja yake milimani Chamonix.

Mtazame Walton, nahodha mpelelezi aliyemwokoa Victor katika barafu za Aktiki. Tamaa yake ya kugundua mambo mapya si ndogo kuliko ya Victor, lakini yeye humwandikia dada yake kila linalomsibu, na mabaharia wake walipomtaka ageuze merikebu, alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Ukiweza, zisome tena kurasa za mwisho. Victor, akiwa karibu kukata roho, anayapima aliyoyatenda na kusema haoni la kujilaumu. Kisha anamwasa Walton ajiepushe na tamaa ya makuu, na papo hapo anaongeza kwamba huenda mwingine akafaulu pale aliposhindwa yeye.

Wako,
Baba