Usilipe ada ya Kichina cha pinyin tupu

Usilipe hiyo ada! Umesema unapenda vitabu vya Kichina, chai yao, tamthilia zao, halafu unasema mwalimu kakushauri mwaka wa kwanza usome pinyin peke yake, hanzi (zile alama za maandishi ya Kichina) zitakuja baadaye. Ushauri huohuo nilipewa na mwalimu wa tuisheni hapa Dar, na ulinila ada na muda.

Pinyin ni Kichina kwa herufi za Kilatini. Ilipitishwa mwaka 1958, na kwa kufundishia matamshi haina shida. Ila riwaya, gazeti, menyu ya mgahawa, hakuna anayekuandikia kwa pinyin. Mimi nilivuka HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) ngazi ya 1 na 2 nikishangilia, kwa sababu karatasi zile zilikuwa na pinyin juu ya hanzi, na macho yangu yakawa yanasoma huko juu tu. Nafungua ya ngazi ya 3, pinyin imeondolewa. Maneno ninayoyatamka kila siku yako mbele yangu na siyatambui! Ikabidi nirudi mwanzo kabisa, na ada nyingine juu.

Nilipomfuata yule mwalimu akanijibu, "Mbona Wachina wenyewe wanachapa pinyin kwenye simu?" Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Ni kweli wanachapa, lakini andika shi uone: simu inakuletea 是, 十, 时, 事, 市 na nyingine kibao, inakusubiri uchague. Asiyejua hanzi atachagua ipi? Yeye alilijua hilo, na bado alipokea hela za watu.

Nenda Guangzhou, kule China, sasa. Kama wewe ni Muislamu, pale penye vibanda vya tambi vimepangana, kinachokuonyesha chakula cha halali ni hanzi mbili juu ya mlango: 清真. Hebu itazame hiyo ya kwanza. Vile vialama vitatu vya kushoto ni maji, na utavikuta tena kwenye 海 (bahari), 河 (mto) na 湖 (ziwa). Kulia kuna 青, inayosomwa qing, na hanzi nzima inasomwa qing. Nyingi sana zimejengwa hivyo, upande mmoja unadokeza maana, mwingine unadokeza sauti. Ukishaanza kuuona mpangilio huo, hata hanzi usiyoijua unaweza kuikisia. Raha hiyo ndiyo mwalimu wako anataka kukunyima mwaka mzima.

Kwa hiyo neno lolote utakalojifunza, lijifunze pamoja na hanzi yake siku hiyohiyo. Nunua daftari la miraba, anza na 人, 口, 女, 木, 水. Chora kutoka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, huku ukitamka kwa sauti na toni yake (kupanda na kushuka kwa sauti). Mwambie mwalimu akufundishe hivyo kuanzia somo la kwanza. Akikataa, tafuta mwingine kabla hujatoa hata shilingi.